Alikataa Mara Mbili

Wanafunzi wa kompyuta wa chuo kimoja pale Bariadi walikuwa na somo walilolidharau kuliko yote. Kwenye ratiba liliandikwa Stadi za Mawasiliano na Maadili ya Kazi. Midomoni mwao liliitwa somo la salamu. Walisema mtu aliyekuja kujifunza kutengeneza programu hana haja ya kufundishwa shikamoo. Waliingia wamechelewa, wakakaa nyuma karibu na soketi, wakachaji simu.

Madam Felisita Ngassa alijua wanavyoliita, wala hakununa. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sura, mwenye tabia ya kumsubiri mtu amalize sentensi yake hata kama sentensi hiyo imepotea njia. Kila Alhamisi aliingia darasani na mgeni. Wiki hii fundi viatu wa stendi, wiki ijayo mkulima wa pamba aliyekuja mjini kununua dawa. Mgeni alikalishwa kwenye kiti cha mwalimu. Mwanafunzi alisimama mbele yake mikono mitupu, bila kompyuta wala ubao, akamweleza kazi anayoitengeneza. Akimaliza, mgeni ndiye aliyetoa alama, na Madam aliziandika kama zilivyotamkwa.

Joakim, aliyekuwa na maneno kuliko darasa zima, alipata tatu juu ya kumi kutoka kwa Mayu Kwandu, yaani Mama Kwandu, aliyepika kwenye kantini ya chuo.

"Mbona tatu, mayu?" alilalamika.

"Umeongea kama redio, mwanangu. Redio haijali kama nipo au nimetoka nje kuchota maji."

Darasa lilicheka mpaka waliochaji simu wakainua vichwa.

Aliyefuata alikuwa Kabula Mboje. Kabula ndiye aliyekuwa wa kwanza katika masomo yote ya programu, lakini sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayebembeleza kifaranga. Alisimama, akasema alichosema huku akikitazama kidole gumba cha mguu wake, akanyamaza.

"Huyu sikumsikia," alisema Mayu Kwandu. "Mbili. Lakini nilimwona anataka kusema."

Madam aliandika mbili. Pembeni yake akaandika maneno hayo ya Mayu Kwandu, neno kwa neno. Daftari liliporudi, Kabula aliyasoma mara nyingi kuliko alivyowahi kusoma alama yoyote. Hakuna mwalimu mwingine aliyewahi kuandika kitu kuhusu mambo anayotaka kuyasema.

Mwaka wao wa mwisho, Kabula na Joakim walipewa kazi moja. Walitengeneza mfumo walioupa jina la Kumbusha, wa kuwatumia wafugaji ujumbe wa simu siku ya chanjo inapokaribia. Afisa mifugo mmoja, Bwana Januarius, alikubali waujaribu katika kata mbili anazozijua vizuri, Shishiyu upande wa Maswa na Bukundi kule Meatu. Wakaenda huko wiki sita, wakipita zizi kwa zizi. Joakim aliongea. Kabula aliandika.

Ila siku ya kwenda kwa Mzee Luhaga wa Bukundi, Joakim alikuwa anaumwa tumbo, Kabula akaenda peke yake.

Mzee Luhaga alikuwa na zizi kubwa. Kabula alihesabu, akaona ng'ombe kumi na wanane wana chapa tofauti na wenzao. Kwenye fomu yake palikuwa na kisanduku kilichosema: mwenye ng'ombe. Kisanduku hicho Bwana Januarius hakukiomba. Kabula alikiongeza mwenyewe, kwa sababu aliona taarifa bila hicho ni kama shati lisilo na kifungo cha juu.

"Hawa ni wa nani, guku?" aliuliza, akimwita babu kwa Kisukuma.

"Andika wangu."

"Lakini chapa yao ni nyingine."

"Binti, hayo si ya kuandika."

Wafugaji wa huko hawaweki mali yote katika zizi moja. Mtu humpelekea rafiki yake wa mbali sehemu ya ng'ombe, ili ugonjwa au wezi wakiingia huku, kule ibaki mbegu. Anayetunza hunywa maziwa na kupata samadi, na majirani hawaelezwi kitu. Kumuuliza mtu ana ng'ombe wangapi na wako wapi ni kama kumwomba avue nguo barabarani. Kabula aliyajua haya tangu akibebwa mgongoni. Lakini siku ile alikuwa na kisanduku kitupu, na kisanduku kitupu kilimuudhi.

"Ni kwa ajili ya kompyuta tu, guku," alisema kwa sauti yake ileile ndogo. "Jina halitatoka. Nakuahidi."

Pengine ni sauti ile iliyomfanya Mzee Luhaga aamini. Mtu anayeongea kwa sauti ndogo kiasi hicho, alijiambia, hawezi kuwa na siri za watu mdomoni.

"Ni wa Mayige wa Shishiyu," alisema. "Lisitoke."

Kabula akaandika.

Walirudi Bariadi, ikabaki wiki moja wawasilishe kazi mbele ya jopo la walimu. Jumanne mchana Kabula alikaa maabara kuujaribu mfumo. Madam alikuwa ameshawaambia, tena zaidi ya mara moja, kwamba programu haijaribiwi kwa majina ya watu halisi. Mtu hubuni majina. Kabula aliona kubuni majina arobaini na mawili ni kupoteza saa nzima. Akatumia yaliyopo. Alitaka ujumbe mmoja uende kwa mtu mmoja, lakini mstari mmoja wa programu alioufunga usiku uliotangulia akasahau kuufungua uliupeleka kwa wote.

Simu arobaini na mbili, za Shishiyu na Bukundi, zikalia kwa pamoja: Ng'ombe 18 wa Mayige, walio kwa Luhaga, Bukundi, watachanjwa tarehe tisa.

Kabula aliona namba 42 kwenye kioo mahali alipotarajia kuona 1.

Alhamisi Bwana Januarius alipiga simu chuoni. Madam aliwaita Joakim na Kabula ofisini, akaweka simu mezani wasikie wote.

"Kuna moto huku," alisema afisa mifugo. "Mzee Mayige anasema Luhaga amemuuza kwa watoto wa chuo. Kesho asubuhi anakwenda Bukundi na wanawe kuondoa ng'ombe wake. Na kule Bukundi watu wameanza kumwita Luhaga kikapu kilichotoboka. Hakuna atakayemwekea hata mbuzi tena. Mimi naomba tu maelezo. Nini kimetokea?"

"Nitakupigia," alisema Madam, akakata.

Joakim alikuwa tayari. "Madam, hii ni rahisi. Tunaandika barua: tatizo la mtandao. Mtandao wenyewe kila mtu anaulaumu, hata ukiulaumu bure haulalamiki."

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Sio hivyo hasa. Lakini jopo ni Jumatatu, Madam. Wakisikia tumevujisha taarifa za watu, tunakula sapu, turudie mitihani. Mtu anaweza kudisko kabisa, afukuzwe chuo." Akamgeukia mwenzake. "Kabula, si useme?"

Kabula alikuwa anatazama meza. Aliwaza Mzee Luhaga na neno lile, lisitoke. Barua ya mtandao ingemwokoa yeye na ingemwokoa Joakim. Mzee Luhaga isingemwokoa. Watu wangesema sawa, mtandao umekosea, lakini mtandao ulijulia wapi? Na aliyejua kwamba mzee yule alikuwa amekataa, si mara moja, ni mtu mmoja tu duniani ukimwondoa mzee mwenyewe: Kabula. Mzee asingejitetea. Mtu aliyefungua mdomo hata kidogo huona aibu kueleza ni kidogo kiasi gani.

"Nilimlazimisha," alisema.

Joakim hakusikia. Madam alisikia.

"Joakim, tuache kidogo," alisema.

Walipobaki wawili, Kabula alieleza yote, na machozi yalimtangulia mahali pengi. Madam hakumkatiza wala hakumwambia usilie. Mwisho aliuliza, "Unataka kufanya nini?"

"Unaweza kumpigia Mzee Mayige, Madam? Wewe atakusikiliza."

"Naweza. Lakini mimi sikuwepo." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayerudisha kitu alichokabidhiwa kwa makosa. "Kesho nitakusindikiza Bukundi. Nauli ipo. Sitasema badala yako."

"Na alama zangu?"

"Sijui. Nitaandika kilichotokea. Zaidi ya hapo nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Kabula aliwahi kuona walimu wengi wakimtuliza mwanafunzi kwa ahadi wasiyoiweza. Hili lilikuwa jipya, na la ajabu ni kwamba lilimtuliza zaidi.

Jioni ile Madam alimpeleka kantini. Mayu Kwandu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Madam alivuta kiti, akamwambia Kabula amweleze Mayu kilichotokea, kama vile Mayu ndiye Mzee Mayige.

"Kulitokea tatizo kwenye mfumo," Kabula alianza, "ikatokea ujumbe ukaenda..."

"Ngoja," alisema Mayu Kwandu bila kuinua macho. "Mimi hapa nyama ikipungua sufuriani, nikimuuliza binti yangu, ananiambia imepungua. Najua imepungua! Nina macho. Namtafuta mwenye mdomo wa mafuta."

Kabula alijaribu tena, na mara hii Mayu akaacha mchele. Mara ya tatu akauweka ungo chini.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Ni wewe. Pole, mwanangu. Kula kwanza."

Akamwekea sahani, na hakutaja alama.

Alfajiri walipanda basi la kwanza la Mwanhuzi, na kutoka hapo pikipiki mbili mpaka Bukundi. Madam alivaa kofia ya dereva wake iliyomzidi ukubwa, na kila walipopita shimo ilimfunika macho. Kabula alimtazama kutoka nyuma akajiuliza mtu wa umri ule anasafiri mavumbi yote haya kwa ajili ya nini. Hakuwa na cha kupata huko. Hata jina lake halikuwemo kwenye ujumbe.

Walifika mambo yameiva. Ng'ombe kumi na wanane walikuwa wameshatolewa zizini. Mzee Mayige, mtu mkubwa mwenye ndevu nyeupe na kofia ya pama, alisimama mbele yao na wanawe wawili wenye fimbo. Mzee Luhaga alikaa kwenye kigoda ukutani kwake, amewapa wote mgongo. Mke wake alisimama mlangoni mwa jiko. Majirani walikuwa wamepata shughuli za ghafla karibu na uzio.

Madam alisimama kando ya pikipiki. Hakusogea zaidi.

Kabula alikwenda mpaka katikati ya wale wazee wawili, akapiga magoti kama binti anavyowasalimu wakubwa. Pale alipopiga palikuwa na samadi mbichi, naye hakuliona hilo mpaka baadaye.

"Mwangaluka, guku Mayige. Mwangaluka, guku Luhaga."

"Mwangaluka," aliitika Mayige. Mwingine hakuitika.

"Mimi naitwa Kabula Mboje. Mimi ndiye niliyetuma ule ujumbe."

Alisema kwa Kisukuma. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka.

"Wengine wananiambia ni mtandao," alisema Mayige.

"Mtandao ulifanya nilichouambia, guku. Niliuambia vibaya. Nilikuwa najaribu kazi yangu, nikatumia majina yenu ya kweli, na nilikuwa nimekatazwa."

Mayige alimtazama kama mtu aliyejiandaa kubeba mzigo mzito akakuta ni mwepesi, asijue nguvu zote aziweke wapi. "Haya. Na wewe nani alikuambia ng'ombe hawa ni wangu?"

Majirani waliacha shughuli zao.

"Ni guku Luhaga."

"Si tulisema!" alipaza mmoja wa wale wana, akapiga fimbo chini. "Baba, si tulisema?"

Mgongo wa Mzee Luhaga ulishuka kidogo. Kule kwenye pikipiki Madam alinyanyua mguu mmoja, akaurudisha palepale.

"Sijamaliza!" alisema Kabula.

Hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo maishani mwake. Yule kijana alifunga mdomo.

"Sijamaliza, guku. Nilimuuliza akasema niandike wake. Nikamwambia chapa ni nyingine. Akasema hayo si ya kuandika. Alikataa mara mbili. Mtu mwenye adabu angefunga daftari. Mimi sikufunga. Nilimwambia ni kwa ajili ya kompyuta tu, nikamwahidi jina halitatoka. Aliniamini. Kama kuna kikapu kilichotoboka hapa, ni mimi."

"Ofisi ya mifugo ndiyo iliyokutuma uulize?"

"Hapana. Ofisi ilitaka idadi na jina la anayetunza. Swali la mwenye ng'ombe nililiongeza mwenyewe."

"Kwa nini?"

Kabula alitafuta jibu zuri. Lililokuwepo halikuwa zuri. "Nilitaka kazi yangu ionekane imekamilika."

Mayige alivua kofia, akajipepea. "Unajua, binti, tangu Jumanne nimepata wapwa wangapi? Juzi wamekuja watatu. Mmoja anataka mtamba wa kuolea. Nimemuuliza mama yako nani, akanitajia jina. Dada zangu wote nawajua mimi, na huyo hakuzaliwa kwetu!"

Kwenye uzio mtu alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Nimekosa, guku," alisema Kabula. "Sina cha kukurudishia siri yako. Kile kisanduku nimekitoa, na majina nimeyafuta. Jumatatu nitawaeleza walimu wangu hivihivi nilivyowaeleza ninyi. Kama mtapenda, naweza kuwatumia watu wote arobaini na wawili ujumbe wa kuomba radhi..."

"Aa! Binti!" Mayige aliinua mikono yote miwili. "Umeshatuma vya kutosha."

Mara hii kicheko cha uzioni hakikufichwa. Hata mke wa Luhaga alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Ambaye hakucheka ni Luhaga peke yake. Aligeuza kigoda chake polepole, akawa anamtazama Mayige, si Kabula.

"Umesikia?" alisema.

"Nimesikia."

"Miaka ishirini na saba. Yule fahali wako mweupe aliyevunjika mguu mtoni, nilimvuta na nani? Na huyo mwanao aliyepiga fimbo hapo, alikunywa maziwa ya nani mwaka ule wa njaa? Namba yangu unayo, Mayige. Hukupiga kuniuliza. Ulikusanya fimbo."

Mzee Mayige alitazama kofia yake ndani, kama vile jibu lilishonwa humo. Alikuwa mtu wa kusikilizwa huko kwao Shishiyu, mtu wa kukaa mbele kanisani, na ilionekana wazi kwamba maneno anayoyahitaji sasa hajayatumia siku nyingi. Mbele yake binti mdogo alikuwa bado amepiga magoti, magoti yamelowa, ameshayasema yake na hajafa.

"Nimekosa, nkoi," alisema chini chini. Rafiki yangu.

Luhaga aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Sikusikia."

"Luhaga, usinifanye hivyo mbele ya wanangu."

"Mtoto huyu wa kike amepiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe akasema mpaka mke wangu kule jikoni amesikia. Wewe na ndevu zako unaninong'onezea?"

Kabula alihisi uso unawaka. Maisha yake yote watu walimwambia hawamsikii. Aligeuka kidogo kutazama pikipiki. Madam Felisita alikuwa amevua ile kofia kubwa, ameikumbatia kifuani, na midomo yake ilikuwa imebanwa kama ya mtu anayezuia kitu kisimtoke mbele ya watu.

"Nimekosa, nkoi wangu!" Mzee Mayige alinguruma. "Nimekosa! Umesikia sasa?"

Ng'ombe wa mbele waliinua vichwa.

"Hapo nimesikia," alisema Luhaga.

Wale wana wawili walisimama na fimbo zao, hawajui kama waswage au warudishe, wakimtazama baba, na baba akimtazama rafiki yake, na rafiki naye hana haraka ya kusema lolote. Mke wa Luhaga ndiye aliyechoka kuwasubiri wanaume. Alishuka kutoka jikoni, akachukua fimbo mkononi mwa yule kijana bila kumwomba, akamgeuza ng'ombe wa kwanza kuelekea zizini.